Fedha za mkulima kwenye simu: Nani anapima kufuli?

MNUNUZI wa mbaazi anayefika Dirma, wilayani Hanang, siku hizi mara nyingi haji na mfuko wa noti. Magunia yanapimwa, simu inatolewa mfukoni, na malipo yanaingia kwenye laini ya mkulima kabla turubai la lori halijafungwa. Anayeuza ng'ombe mnadani, anayenunua mbegu Katesh na mwenye duka anayeagiza bidhaa Babati au Arusha, nao wamo katika utaratibu huo huo.

Unafuu wake hauna ubishi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, ikifuatiwa na huduma za kampuni nyingine, mkulima amepunguza safari za kufuata benki pamoja na hatari ya kulala na mauzo ya msimu mzima chini ya godoro. Katika miaka ya karibuni mambo mengine nayo yameingia mtandaoni. Ruzuku ya mbolea iliyoanza mwaka 2022 inaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali, na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huuza mazao kama ufuta na mbaazi kwa minada ya mtandao.

Hata hivyo, jambo moja halijapata mjadala unaostahili. Mizani ya mnunuzi hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mfuko wa mbegu hubeba lebo ya TOSCI. Ng'ombe hawasafirishwi kwenda mbali bila kibali. Je, programu ya simu inayobeba thamani ya vitu vyote hivyo imepimwa na nani, na kwa kipimo gani?

Wataalamu wa usalama wa kompyuta wanacho kipimo kimoja ambacho hata asiyewahi kugusa kompyuta anaweza kukielewa. Programu hupelekewa vyeti vya usalama vilivyoharibiwa kwa makusudi, kisha huangaliwa kama itavikataa. Matokeo ya kipimo hicho katika nchi nyingine yanatoa sababu za kutosha kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo kudai kifanyike pia kwa programu zinazoshika fedha zao.

Cheti kinafanya kazi gani

Programu ya simu inapotaka kutuma fedha huwasiliana na kompyuta kubwa ya benki au ya kampuni ya simu, inayoitwa seva. Kati ya Dirma na seva hiyo ujumbe hupita mikono mingi: mnara, nyaya, vifaa vya kampuni mbalimbali, na pengine mtandao wa bure wa nyumba ya kulala wageni. Mtu aliyejipenyeza katikati anaweza kujaribu kujifanya yeye ndiye benki.

Ili kuzuia hilo, seva huonyesha cheti cha kidijitali. Cheti hicho kinafanana sana na kibali cha kusafirisha mifugo. Kina jina la mwenye cheti, tarehe ya kuanza na ya kuisha, matumizi yanayoruhusiwa, na saini ya mamlaka iliyokitoa. Programu iliyo ndani ya simu ndiyo askari wa geti. Inapaswa kukagua kila kipengele: Je, jina ni la benki hii hii? Tarehe haijapita? Saini ni ya mamlaka inayotambuliwa? Aliyesaini alikuwa na ruhusa ya kutoa vyeti kwa wengine?

Kipengele kimoja kikikosewa, lori linatakiwa kurudishwa. Askari akilipitisha, kufuli lote linakosa maana. Simu itaendelea kuficha ujumbe kama kawaida, lakini itakuwa inautuma kwa tapeli aliyekaa katikati. Namba ya siri, salio na jina la anayelipwa vinaweza kusomwa, na hata kubadilishwa njiani.

Hapa pana mtego. Programu yenye kasoro hiyo hufanya kazi vizuri kila siku, kwa kuwa ikikutana na cheti halali inakikubali kama inavyotakiwa. Siku ambayo malori yote yana vibali halali, askari mzembe na askari makini hawana tofauti yoyote. Tofauti yao hujitokeza siku kibali cha kughushi kinapofika, na kwa mkulima hiyo ni siku ya hasara. Ndiyo maana jaribio la kutuma fedha na kuona zimefika, ambalo ndilo linalofanyika mara nyingi, halitoshi.

Kupima kwa vyeti vibovu

Wazo la kupima kwa vyeti vibovu si jipya. Mwaka 2003 kituo cha serikali ya Uingereza kilichoshughulikia usalama wa miundombinu muhimu, NISCC, kiliandaa mkusanyiko wa vyeti vyenye kasoro za kila namna. Lengo lilikuwa kuona programu za usalama zingefanya nini zikipokea vyeti hivyo. Mojawapo ya zilizopimwa ilikuwa OpenSSL, programu huria ambayo seva nyingi duniani huitumia kufunga mawasiliano yake.

Mtaalamu wa OpenSSL, Dk. Stephen Henson, alipoipitisha programu hiyo kwenye majaribio hayo, aligundua udhaifu kadhaa katika sehemu inayosoma vyeti. Cheti kibovu kiliweza kuiangusha seva. Septemba 30, 2003, OpenSSL ilitoa tangazo la usalama pamoja na marekebisho. Ikumbukwe kuwa hiyo ilikuwa programu iliyotumika kwa miaka, tena mbele ya macho ya wataalamu wengi. Kasoro zake hazikuonekana mpaka mtu alipoamua kuilisha vitu vibovu kwa utaratibu.

Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, kikiwamo Chuo Kikuu cha Texas cha Austin, walikwenda mbali zaidi. Walikusanya vyeti halisi kutoka mtandaoni, wakavikatakata vipande, kisha wakaunganisha vipande hivyo ovyo ovyo. Walipata vyeti vipya milioni 8 ambavyo hakuna mamlaka ambayo ingevitoa. Waliviita frankencerts, kwa kukumbuka hadithi ya Frankenstein, yenye kiumbe aliyeundwa kwa viungo vya maiti mbalimbali.

Ujanja wao ulikuwa katika kulinganisha. Cheti kile kile kilipelekwa kwa programu kadhaa. Pale programu moja ilipokikubali na nyingine ikakikataa, ilikuwa dhahiri kuwa kuna iliyokosea, hata kabla ya kujua ni ipi. Ni sawa na kupeleka gunia lile lile kwenye mizani kadhaa. Zikitoa kilo tofauti, mnunuzi hana haja ya kubishana tena kama kuna mizani mbovu. Watafiti hao walipata tofauti 208 kati ya programu zilizokuwa zikiaminika, na nyingi zilitokana na udhaifu mkubwa.

Mifano miwili inatosha. Wa kwanza, programu mbili, GnuTLS na MatrixSSL, zilikuwa tayari kumkubali mwenye cheti cha kawaida cha toleo la zamani kama vile yeye ni mamlaka ya kutoa vyeti. Ni sawa na mfugaji aliyepewa kibali cha kusafirisha ng'ombe wake kumi kuanza kuwasainia vibali wafugaji wenzake, na askari wa geti akavipokea.

Mfano wa pili unahusu onyo analoliona mtumiaji. Baadhi ya programu zilipokutana na cheti kilichopitwa na tarehe na ambacho pia kilisainiwa na mwenyewe, zilitaja kosa la tarehe peke yake. Kosa la tarehe watu wengi hulipuuza. Kosa kubwa, kwamba hakuna mamlaka iliyomthibitisha mwenye cheti, halikutajwa. Mtumiaji aliyebonyeza "endelea" alidhani anasamehe uchelewaji mdogo, kumbe alikuwa anafungua mlango kwa asiyemjua.

Majaribio ya namna hii hayana mwisho, kwa sababu programu hubadilishwa kila mara. Machi 2022 OpenSSL hiyo hiyo ililazimika kutoa marekebisho mengine. Mtafiti wa Google, Tavis Ormandy, alikuwa ameonyesha kuwa cheti chenye hesabu zilizopotoshwa kingeweza kuifanya kompyuta izunguke kwenye hesabu hiyo bila kumaliza. Ni kama askari aliyepewa kibali kilichoandikwa "angalia nyuma" pande zote mbili. Atakigeuza mpaka usiku, huku foleni ya malori ikizidi kurefuka.

Programu za fedha zilikutwaje

Hizo ni programu zilizotengenezwa na mabingwa. Je, programu za simu zinazotengenezwa kwa haraka ili kuwahi soko?

Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walichunguza programu 13,500 za bure za simu za Android. Programu 1,074, sawa na asilimia 8, zilikuwa na maandishi ya ndani yaliyoashiria kuwa ukaguzi wa vyeti ungeweza kukwepwa. Walipochagua 100 na kuzijaribu kwa mkono, waliweza kuingilia mawasiliano ya 41.

Chanzo kimojawapo ni cha kibinadamu kabisa. Fundi anapotengeneza programu hutumia seva ya majaribio ambayo haina cheti rasmi. Ili kazi iende, humwamuru "askari" kupitisha kila kitu, akinuia kumrudisha kazini baadaye. Tarehe ya uzinduzi inafika, wakubwa wanataka matangazo yaanze, na amri hiyo inasahaulika ndani. Programu inaingia sokoni ikiwa na geti lililo wazi.

Uchunguzi unaomgusa mkulima wa Hanang kwa karibu zaidi ni ule wa mwaka 2015 wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, uliohusu huduma za fedha kwa simu katika nchi zinazoendelea. Kati ya watoa huduma 246 waliojulikana duniani wakati huo, 46 walikuwa na programu za Android. Watafiti walichukua saba na kuzifumua moja baada ya nyingine, kuanzia usajili mpaka kutuma fedha. Zilitoka India, Thailand, Ufilipino, Indonesia na Brazil. Sita kati ya hizo saba zilikutwa na udhaifu mkubwa, na kwa jumla kasoro nzito zilikuwa 28, zikiwamo za kutokagua vyeti ipasavyo. Kwa baadhi ya kasoro hizo mtu wa katikati aliweza kujifanya mteja, kubadilisha muamala ukiwa njiani na kuiba kumbukumbu za fedha.

Watafiti waliwajulisha wenye huduma. Walipozipitia tena programu hizo mwaka mmoja baadaye, walikuta sehemu kubwa ya kasoro bado ipo. Hakuna programu ya Tanzania kati ya hizo saba, na si haki kudhani kuwa za hapa nchini zina kasoro zile zile. Vile vile si haki kwa mkulima kuambiwa zote ni salama bila kuonyeshwa matokeo ya kipimo.

Dirma inahusikaje

Msomaji makini atasema kuwa wakulima wengi wa Dirma na vijiji jirani vya Hanang na Mbulu hawatumii programu hizo. Wanatumia simu ndogo za tochi, wanabonyeza nyota, namba na reli, kisha wanafuata menyu. Hilo ni kweli, na ni muhimu kulitofautisha. Menyu ya nyota na reli haitumii vyeti vinavyozungumziwa hapa. Usalama wake unategemea mtandao wa kampuni ya simu yenyewe na namba ya siri ya mteja.

Ni kweli pia kuwa wizi unaojulikana zaidi vijijini hauhitaji utaalamu wowote. Tapeli hutuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au hupiga simu akijifanya mtumishi wa kampuni ya simu na kuomba namba ya siri. Hakuna cheti kinachoweza kumzuia mtu kutaja namba yake ya siri kwa hiari. Dhidi ya wizi huo, kinga ni kutotaja namba hiyo kwa yeyote, na kupeleka namba za matapeli 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeitenga kwa kazi hiyo.

Lakini mwelekeo wa biashara unabadilisha picha. Kijana anayemsaidia mzazi wake kuuza alizeti ana simu janja. Wakala wa fedha anatumia programu. Chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, kinachokusanya mazao ya wanachama kinaingiza takwimu za magunia na akaunti za malipo kwenye mfumo wa mtandao. Kosa likitokea kwenye simu au kompyuta ya chama, linaweza kugusa kila mwanachama aliyeandikwa humo, hata yule ambaye hana simu kabisa.

Zaidi ya hapo, mifumo mingi sasa huwasiliana yenyewe kwa yenyewe: benki na kampuni ya simu, mfumo wa malipo na mfumo wa soko. Hapo hakuna binadamu wa kushtuka kwa kuona jina geni au onyo jekundu kwenye kioo. Ukaguzi wa cheti unaofanywa na programu ndiyo ulinzi uliobaki. Ukiwa mbovu, unaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu bila mtu kujua.

Geti likikataa kila kitu

Askari anayekataa vibali halali naye ni hasara. Desemba 6, 2018, mamilioni ya wateja wa mtandao wa O2 nchini Uingereza walikosa intaneti ya simu. Kampuni ya Ericsson ilieleza kuwa chanzo kilikuwa cheti kilichopitwa na muda ndani ya programu yake. Hakukuwa na mwizi. Tarehe ilipita bila mtu kuifuatilia, na huduma ikasimama. Siku kama hiyo ikiangukia siku ya mnada, ng'ombe hurudi nyumbani au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mwenye fedha taslimu.

Wenye simu janja za zamani, nyingi zikiwa za mtumba, wanapaswa kufahamu jambo jingine. Kila simu ina orodha ya mamlaka za vyeti inazozitambua, na orodha hiyo huzeeka. Septemba 30, 2021, cheti kikuu kimoja kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi duniani kilifikia mwisho wake. Taasisi ya Let's Encrypt, inayotoa vyeti bure kwa tovuti nyingi, iliweka utaratibu wa muda ili simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 zisikwame, lakini utaratibu huo nao ulifikia kikomo mwaka 2024. Simu ya namna hiyo inaweza kuonyesha onyo hata kwenye tovuti isiyo na tatizo. Kosa kama hilo hutokea pia tarehe ya simu ikiwa imevurugika baada ya betri kuisha kabisa. Simu inayodhani ni mwaka 2010 itakiona kila cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika.

Hatari iko kwenye mazoea. Mtu anayekutana na onyo lisilo na msingi kila siku huzoea kubonyeza "endelea". Siku onyo la kweli linapokuja, kidole kimeshazoea. Kwa hiyo kipimo kizuri kinatakiwa kujibu maswali mawili kwa pamoja: Je, cheti kibovu kinakataliwa? Na je, cheti kizuri kinakubalika kwenye simu ambazo wananchi wanazo kweli?

Hasara inamwangukia nani

Hapa ndipo suala la kompyuta linapogeuka kuwa suala la uchumi. Watafiti wa Florida hawakuishia kwenye programu. Walisoma pia masharti ambayo mteja huyakubali anapojiunga, na wakakuta kuwa mzigo wa hasara umewekwa kwa mteja isivyo haki. Wasikilizaji wa redio wanaifahamu sentensi inayosomwa haraka haraka mwishoni mwa tangazo: vigezo na masharti kuzingatiwa. Ndani ya vigezo hivyo ndimo huamuliwa nani atalipa kufuli likishindwa kazi.

Kiuchumi, mpangilio wa namna hiyo una kasoro ya wazi. Mwenye uwezo wa kupima programu ni aliyeitengeneza au anayeimiliki. Kama hasara si yake, hana haraka ya kupima. Anayebeba hasara ni mkulima, ambaye hana chombo cha kupimia wala namna ya kujua ndani ya programu kuna nini. Ndiyo sababu mizani haikuachwa mikononi mwa mnunuzi peke yake. Serikali iliweka mkaguzi na muhuri, kwa kuwa ilikuwa wazi kuwa anayenufaika na mizani mbovu hatajikagua mwenyewe.

Gharama ya kupima haitishi. Uchukuliwe mfano, kwa makadirio tu, wa programu yenye watumiaji 200,000 na kipimo kitakachogharimu Sh40 milioni. Hiyo ni Sh200 kwa kila mtumiaji. Mkulima mwenye magunia 15 ya mbaazi ya kilo 100 kila moja, akiuza kwa Sh1,200 kwa kilo, anapokea Sh1.8 milioni. Kipimo hicho kikiokoa mauzo ya wakulima 23 tu kati ya watumiaji hao wote, kimesharudisha gharama yake na zaidi. Aidha, watafiti wa frankencerts waliiweka zana yao wazi kwa umma, hivyo fundi aliyeko Arusha au Dar es Salaam anaweza kuitumia bila kununua leseni.

Sheria za kuanzia zipo. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inaipa Benki Kuu ya Tanzania mamlaka ya kutoa leseni na kusimamia huduma hizi. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamwezesha mteja kulalamika kwa mtoa huduma, na asiporidhika kufika Benki Kuu. Kwa mifumo ya taasisi za umma ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kitengo cha TZ-CERT kilicho chini ya TCRA hushughulikia matukio ya usalama wa mtandao. Kinachofaa kuongezwa ni sharti linaloeleweka: programu yoyote inayoshika fedha au stakabadhi za mazao ipimwe kwa vyeti vibovu kabla ya kutolewa na kila inapobadilishwa, muhtasari wa matokeo utangazwe, na mtoa huduma ambaye hakupima abebe hasara itakayotokana na kasoro hiyo.

Wapo watakaosema sharti hilo litawakwamisha vijana wanaobuni programu za kilimo kwa mtaji mdogo. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake ni kupanga ngazi. Programu inayotoa bei za soko na hali ya hewa haihitaji ukaguzi sawa na ile inayohamisha fedha. Kwa wabunifu wadogo, kipimo cha msingi kinaweza kutolewa na vyuo au taasisi za umma kwa bei nafuu. Kuacha kabisa kupima si nafuu, kwa sababu gharama haipotei. Inahamia kwa mkulima.

Maswali ya kuuliza

Wakati sharti hilo likisubiriwa, yapo mambo ambayo mkulima na mfanyabiashara anaweza kufanya sasa. Programu ya fedha ichukuliwe kwenye duka rasmi la programu la simu, isirushwe kutoka simu ya rafiki. Tangu Mei 2016 Google ilianza kuzuia dukani kwake programu mpya zilizozima ukaguzi wa vyeti kwa njia zinazofahamika. Programu iliyorushwa kutoka simu hadi simu haipiti kwenye chujio hilo. Programu isasishwe kila marekebisho yanapotoka. Tarehe ya simu iwe sahihi. Onyo la usalama likitokea wakati wa kutuma fedha, muamala usimamishwe na kampuni iulizwe kwa namba yake rasmi.

Alama ya kufuli nayo isiaminiwe kupita kiasi. Inaonyesha kuwa simu imeunganishwa na anwani iliyoandikwa pale, lakini haisemi kama mwenye anwani hiyo ni mwaminifu. Tapeli anayefungua tovuti ya "mbolea ya ruzuku" anaweza kupata cheti halali kabisa kwa jina la tovuti yake. Jina lenyewe lisomwe herufi kwa herufi.

Kwa upande wa AMCOS na vikundi vya wafanyabiashara, nguvu yao iko katika wingi. Kampuni inayotaka kuwasajili wanachama mia tano kwa siku moja ina sababu ya kuwasikiliza. Kabla ya kukubali mfumo wowote wa malipo au wa mauzo, mkutano wa wanachama uulize maswali matatu, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari: Programu hii imepimwa kwa vyeti vibovu na nani, na lini? Itafanya kazi kwenye simu za zamani ambazo wanachama wanazo? Fedha zikipotea kwa kasoro ya programu, nani atalipa na ndani ya siku ngapi?

Kampuni iliyopima haitapata shida kujibu swali la kwanza. Iwapo jibu ni kwamba haijawahi kutokea shida yoyote, wanachama wana haki ya kusubiri mpaka kipimo kifanyike kabla ya kuingiza mavuno yao humo.